Je, Lewanika aliiuza nchi ya Walozi? Jibu kwa mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha tatu

*"Mwalimu, binti yangu yuko kidato cha tatu. Juzi alirudi na daftari lililoandikwa kwamba Lewanika, mfalme wa Walozi, ni mfano wa watawala wa Kiafrika walioshirikiana na wakoloni, tofauti na Samori Ture au Wandebele waliopigana. Akaniuliza kama huyo mtu alikuwa kibaraka. Nilipotafuta mtandaoni, wengine wanasema alidanganywa kwa sababu hakujua kusoma Kiingereza, wengine wanasema alikuwa mjanja kuliko wote maana nchi yake haikupigwa na ufalme wake upo hadi leo. Nimwambie nini? Na kwenye mtihani aandike lipi?"*

Ndugu yangu, shida unayoiona ni ya kweli, na haikuanza na daftari la binti yako. Wewe na yeye mmepewa masanduku mawili, la waliopigana na la walioshirikiana, kisha mkaambiwa kila mfalme wa Afrika lazima akae katika moja. Lewanika hakai vizuri katika lolote. Ukiniuliza mimi, alidanganywa kuhusu alikuwa anaweka mkataba na nani, lakini hakudanganywa kuhusu alichokuwa anakitafuta. Alitafuta kiti chake kilindwe, na kiti kikalindwa. Gharama ililipwa kwa ardhi, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa ya watu ambao hawakuulizwa.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu vitabu vya marejeo huanza na Wazungu na kuuacha mwaka ulio muhimu kuliko yote, 1884.

Lewanika alipotwaa ufalme mwaka 1878 aliitwa Lubosi. Nchi yake, Bulozi, ni bonde kubwa la mafuriko la mto Zambezi, leo magharibi mwa Zambia. Walozi walikuwa wametoka kwenye kipindi kibaya: Wakololo kutoka kusini waliwatawala kwa zaidi ya miaka 20, na walipong'olewa mwaka 1864 ukafuata mfululizo wa wafalme walioondolewa au kuuawa na watu wao wenyewe. Lubosi naye hakuepuka. Mwaka 1884 wakubwa wa baraza, wakiongozwa na Mataa, walimpindua akakimbia, na kijana aitwaye Tatila Akufuna akawekwa kitini. Lubosi alirudi kwa vita mwishoni mwa 1885, akawaua wapinzani wengi, na tangu hapo akajulikana kwa jina la Lewanika.

Mtu aliyewahi kukimbia usiku kutoka kwenye jumba lake mwenyewe haogopi tu adui wa ng'ambo ya mto. Vitabu vinasema Lewanika alitafuta ulinzi wa Waingereza kwa kuwaogopa Wandebele wa Lobengula, na ni kweli kwamba mashambulizi yao yalimnyima usingizi. Lakini manduna wake mwenyewe, yaani wakuu wa baraza la mfalme ambalo Walozi huliita "kuta", walikuwa hofu ya karibu zaidi. Alihitaji rafiki mwenye nguvu ambaye mtu kama Mataa wa kesho angefikiri mara mbili kabla ya kumgusa. Binti yako akilishika hilo peke yake, mambo mengine yatajieleza.

Mfano alikuwa nao jirani. Khama, mfalme wa Wangwato, nchi yake iliingia chini ya ulinzi wa Malkia Victoria mwaka 1885, na kwa macho ya Lewanika jamaa huyo hakuwa amepoteza kitu: alibaki mfalme na Wandebele hawakumsumbua. Lewanika alimtumia watu kumuuliza kama ameridhika. Majibu yalikuwa mazuri. Mwanzoni mwa 1889, kwa mkono wa mmisionari Mfaransa François Coillard aliyekuwa na kituo Sefula, aliandika kuomba ulinzi wa namna hiyohiyo. Manduna wengi hawakulipenda jambo hili, na kumbuka hilo mtu akikwambia "Walozi waliwakaribisha Waingereza". Walozi hawakuwa na kauli moja. Waliokuwa wameonja madaraka mwaka 1884 walielewa vizuri ulinzi huo ungemlinda nani dhidi ya nani.

Sasa tufike kwenye mkataba wenyewe. Serikali ya Uingereza haikutaka gharama ya nchi ya mbali namna ile. Aliyekuwa tayari ni Cecil Rhodes, ambaye mwaka 1889 alipata hati ya kifalme kwa ajili ya kampuni yake, British South Africa Company, ambayo hapa nitaiita Kampuni. Mwaka huohuo wa 1889 mtu aitwaye Harry Ware alikuwa tayari amepata kwa Lewanika kibali cha kutafuta madini upande wa mashariki kwa miaka 20, kwa pauni 200 kwa mwaka. Kampuni ikakinunua kibali hicho. Kisha ikamtuma Frank Lochner hadi Lealui, mji mkuu.

Mkataba wa Lochner ulitiwa saini tarehe 27 Juni 1890, baada ya mabishano marefu barazani, Coillard akitafsiri na kuusukuma, na mjumbe wa Khama naye akiwepo kuutetea. Uliipa Kampuni haki ya madini na biashara katika nchi yote, bila kikomo cha muda. Kwa upande wake Kampuni iliahidi kuilinda nchi dhidi ya uvamizi kutoka nje, kutoingilia mamlaka ya mfalme juu ya watu wake, kusaidia shule na biashara, kumleta mwakilishi wa kukaa naye, na kumlipa pauni 2,000 kila mwaka.

Hapa ndipo lile dai la "alidanganywa" linapopata nguvu. Lochner alijitambulisha kwa namna iliyomfanya Lewanika aamini anazungumza na mjumbe wa Malkia. Hata zawadi aliyoitoa Lewanika, pembe mbili kubwa za ndovu, aliikusudia kwa Malkia Victoria. Zilienda kupamba chumba cha mikutano cha wakurugenzi wa Kampuni huko London. Alidhani ananunua alichonunua Khama, kumbe ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Lakini kusema alidanganywa kwa kuwa hakujua kusoma ni kumdharau bure. Miezi haikupita mingi kabla hajagundua. Mfanyabiashara Mwingereza, George Middleton, aliyewahi kufanya kazi na misheni ya Coillard kabla ya kuachana nayo, alimweleza Lewanika alichokitia saini, na kabla ya mwaka kwisha barua ya kuukana mkataba ikaandikwa kwa serikali ya London. Jibu lililomfikia baadaye kupitia kwa Kamishna Mkuu aliyekuwa Cape Town lilimtuliza: Kampuni inatenda kwa idhini ya Malkia, na wewe uko chini ya ulinzi wake. Kwa maana ya sheria hilo halikuwa uongo. Kwa maana aliyoielewa mfalme, lilikuwa ni kumfungia mlango kwa upole. Tatizo lake kubwa kuliko Kiingereza ni kwamba hakuwa na mtu wa tatu wa kumlalamikia. Kila barua yake ilipita mikononi mwa wamisionari, wafanyabiashara au maofisa, na kila mmoja wao alikuwa na lake.

Wakati huohuo ahadi zilikuwa hewa. Mwakilishi hakufika mwaka 1891, wala 1892. Pauni 2,000 hazikuonekana. Mwaka 1893 Kampuni ilimvunja Lobengula kwa vita vyake yenyewe na kwa sababu zake yenyewe, hivyo hofu ile ya Wandebele iliyotajwa katika mkataba ikaondoka bila Lewanika kulindwa hata siku moja. Robert Coryndon, mwakilishi wa kwanza, aliwasili Lealui mwaka 1897, miaka saba baada ya saini. Na badala ya deni kulipwa, mfalme aliletewa karatasi mpya: mkataba wa mwaka 1898, ukathibitishwa upya Oktoba 1900, ambao uliteremsha malipo hadi pauni 850 kwa mwaka na kuipa Kampuni mamlaka ya kuwahukumu Wazungu na kesi kati ya Wazungu na Waafrika.

Naomba utulie hapa, maana ndipo palipo kiini cha swali lako, na sijaona daftari la shule linalopagusa. Kwa nini Kampuni, iliyompiga Lobengula, haikumpiga Lewanika? Kwa sababu ilimhitaji awe mkubwa. Haki zake zote kaskazini-magharibi ya Zambezi zilisimama juu ya saini ya mtu mmoja. Kadiri ufalme wa Lewanika ulivyotajwa kuwa mpana, ndivyo karatasi ya Kampuni ilivyofunika nchi zaidi. Na Lewanika mwenyewe hakuwa na haja ya kuupunguza ufalme wake. Alidai Watonga, Waila, Waluvale na Walunda kuwa watu wake. Baadhi walimlipa kodi kweli. Wengine walikuwa wamewahi kuvamiwa naye wakaporwa ng'ombe, ambalo ni jambo tofauti kabisa na kutawaliwa. Waluvale na Walunda walikataa dai hilo miaka yote, hadi mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilipoitoa wilaya ya Balovale kwenye mamlaka ya Barotseland, jina ambalo Waingereza waliiita nchi ya Walozi. Kwa hiyo mfalme na Kampuni walikuza jambo moja kwa faida mbili tofauti. Na Mtonga aliyeona walowezi wanapewa mashamba katika nyanda zake hakuwahi kukaa kwenye baraza la Lealui.

Ndiyo maana siridhiki na jibu la "alikuwa mjanja kuliko wote". Ujanja ulikuwepo. Ardhi ya bondeni, kiini cha Bulozi, aliitenga: watafuta madini na walowezi hawakuruhusiwa humo. Hilo si dogo ukilinganisha na yaliyotokea kusini mwa Zambezi. Lakini alilinunua kwa kutoa vya wengine.

Na hata mpaka wenyewe haukulindwa. Hapa msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuinua kichwa. Siku nne tu baada ya saini ya Lealui, tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini makubaliano yaleyale yaliyoiweka Zanzibar chini ya ulinzi wa Uingereza. Katika karatasi hiyohiyo Ujerumani ilipewa ukanda mwembamba wa Caprivi ili ifike mto Zambezi. Sehemu ya mashariki ya ukanda huo ilikuwa chini ya Walozi. Lewanika hakuulizwa, kama ambavyo Wazanzibari wa kawaida hawakuulizwa.

Upande wa magharibi ilikuwa Wareno. Mkataba wa Uingereza na Ureno wa mwaka 1891 ulisema mpaka ufuate ukingo wa ufalme wa Barotse, bila kusema ukingo huo uko wapi. Walivutana hadi suala likapelekwa kwa mfalme wa Italia awe mwamuzi. Uamuzi wake ulitoka Mei 1905. Mwambie binti yako afungue ramani ya Zambia atazame mpaka wa magharibi na Angola. Ataona mistari iliyonyooka kama imechorwa kwa rula: unapanda kwenye longitudo 22 Mashariki, unakata kona kwenye latitudo 13 Kusini, unaenda hadi longitudo 24, unapanda tena. Kona hizo ndizo hukumu ya 1905. Lewanika alipoteza eneo kubwa sana ambalo alihesabu ni lake, na aliyepaswa kumtetea ndiye aliyekubali mgawo. Ukiniuliza ni siku gani aliona wazi thamani ya ulinzi alioununua, nitataja hiyo.

Miaka mitatu kabla yake alikuwa London. Mwaka 1902 alialikwa kwenye kutawazwa kwa Edward VII, akasindikizwa na Kanali Colin Harding, na sherehe ilipoahirishwa kutoka Juni hadi Agosti kwa ugonjwa wa mfalme, akakaa Uingereza akisubiri. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa kama hataona haya mbele ya mfalme wa Waingereza, alijibu kuwa wafalme wakikaa pamoja hawakosi la kuzungumza. Kuna picha zake katika sare ya heshima, na hadi sasa katika sherehe ya Kuomboka, Litunga, yaani mfalme wa Walozi, anapohama na maji ya mafuriko kwa mtumbwi mkubwa wa Nalikwanda, huingia akiwa na mavazi ya kifalme na kushuka Limulunga akiwa na sare ya kiadmirali. Watu huicheka sare hiyo. Mimi naiona kama hoja ya Lewanika ileile: mimi nimefunga mkataba na taji, si na duka.

Lakini nyumbani duka ndilo lililotawala. Kodi ya kibanda ilianza mwaka 1904, na mfalme akaahidiwa asilimia 10 ya makusanyo. Kodi ilitaka fedha taslimu, na fedha zilikuwa migodini na mashambani kusini mwa mto, hivyo vijana wakaanza kufunga safari. Mwaka 1906 utumwa ulipigwa marufuku rasmi. Hapa tuwe waaminifu: mifereji mizuri ya Bulozi, mashamba ya kifalme, majumba ya Lealui, vyote vilijengwa kwa mikono ya watumwa na watu wa kulazimishwa, wengi wakitoka kwa makabila yaliyovamiwa. Kukomesha jambo hilo lilikuwa pigo kwa wakubwa wa Lealui na nafuu kwa waliokuwa chini yao. Wengi wanaomsifu Lewanika kama mlinzi wa watu wake hawaigusi sehemu hii.

Shule ilimhangaisha sana. Alilalamika kwamba wamisionari wanawafundisha vijana Biblia kuliko Kiingereza na ufundi. Mwaka 1904, mwaka Coillard alipofariki, alimpa nafasi Willie Mokalapa, Msotho wa kanisa la Kiafrika la Kiethiopia, afungue shule Lealui. Akamwamini hata akamtuma Cape Town na mamia ya pauni kununua mashua na magari ya kukokotwa. Fedha zilipotea na Mokalapa hakurudi. Ndipo mwaka 1906 ikaanzishwa Shule ya Taifa ya Barotse, kwa fedha za ile sehemu ya kodi. Vizazi vya makarani na walimu wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, vilipitia hapo, kwa hiyo kama unatafuta jambo moja alilolikamua kutoka kwenye mkataba mbovu, hilo ni mojawapo.

Mwaka 1911 nchi yake iliunganishwa na upande wa mashariki ikawa Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1915 ugonjwa wa mapafu ya ng'ombe uliteketeza mifugo ya bondeni na biashara yao kubwa ikafa. Lewanika alifariki Februari 1916. Mwanawe Litia, aliyetawala kama Yeta III, alitumia miaka yake ya kwanza kupigana na Kampuni kwa mawakili na maombi rasmi, akidai karatasi za baba yake zifutwe au zitimizwe. Mwaka 1924 Kampuni iliacha kutawala, Wizara ya Makoloni ikashika nafasi yake. Haki za madini Kampuni ilibaki nazo.

Na hizo ndizo zilizotoa fedha. Kwa miongo kadhaa Kampuni ilikusanya mrabaha wa shaba, ikitegemea kwa sehemu mikataba ya Lewanika, ilhali maeneo ya shaba yenyewe hayakuwahi kuwa chini ya Lealui. Ni siku za mwisho kabisa kabla ya uhuru wa Zambia, Oktoba 1964, ndipo Kampuni ilipokubali kuachia, kwa fidia ya pauni milioni 4 iliyogawanywa kati ya Uingereza na serikali mpya.

Sasa mtihani. Binti yako asishindane na mwongozo wa kusahihisha. Akiulizwa sababu za Lewanika kushirikiana na Waingereza, aziandike zile zinazojulikana: Wandebele, Wareno, mfano wa Khama, ushawishi wa Coillard, haja ya elimu na biashara, na asisahau upinzani wa ndani ulioonekana mwaka 1884, ambao wanafunzi wengi huuruka na kupoteza alama. Akiulizwa matokeo, aanze na kupotea kwa ardhi na mamlaka, kisha kodi, kisha kubaki kwa ufalme. Neno "kibaraka" aliache nje ya karatasi. Kibaraka huwekwa na bwana wake. Huyu alirudi kitini kwa vita vyake miaka mitano kabla ya Lochner kufika.

Kama mwalimu wake anasisitiza kwamba Walozi "waliuza nchi", usimtume mtoto akabishane darasani. Nenda mwenyewe siku ya wazazi, uzungumze naye kwa utulivu, umwonyeshe tofauti kati ya mkataba wa 1890 na ule wa 1900. Na ukipata safari ya Zambia, Nyaraka za Taifa zilizoko Lusaka zinahifadhi kumbukumbu za kipindi hiki, na kule Limulunga kuna Makumbusho ya Nayuma. Ukifika huko ongea na wazee wa Kilozi, lakini pitia pia kusini kwa Watonga na uulize swali lilelile. Hutapewa jibu moja.